Jumba Lililovuliwa Vazi la Marumaru

Kando ya ziwa kubwa la Michigan, katika nchi ya Marekani, uko mji uitwao Chicago. Mji huu una sifa nyingi, walakini sifa moja yazipita nyingine zote machoni pa mgeni, nayo ni urefu wa majumba yake. Mojawapo la majumba hayo lina orofa 83, na kimo chake ni futi 1,136, yaani mita 346. Mwenye kutaka kukijua kimo hicho na amwazie mkwezi apandaye mnazi wa futi 100, kisha juu ya mnazi huo amekuta mnazi mwingine, na juu ya huo mwingine tena, mpaka amekwisha panda minazi kumi na mmoja. Hapo bado hajafika kileleni.

Jumba hili lilijengwa tangu mwaka 1970 hata mwaka 1974 na kampuni ya mafuta iliyoitwa Standard Oil ya Indiana. Baadaye kampuni ilijiita Amoco, na jumba nalo likaitwa Amoco. Na tangu mwaka 1999 laitwa Aon Center. Watu husema kwamba majina yamebadilika lakini jumba ni lile lile. Asemaye hivyo amesema kweli nusu tu. Mifupa yake ni ile ile, bali ngozi yake siyo ile iliyoonekana siku lilipofunguliwa. Ngozi ile ya kwanza, iliyokuwa nzuri ajabu, ilibanduliwa yote kipande kwa kipande, ikatupwa, na jumba likavikwa nyingine, kabla halijatimiza miaka 20.

Ili kuifahamu habari hii yapasa kwanza kujua namna jumba refu la siku hizi lisimamavyo. Katika majengo ya kale ukuta ndio uliochukua mzigo wote. Tazama ngome ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kuta zake ni nene sana, mawe yake yamepandana na kubebana, na jiwe la chini lachukua uzito wa yote yaliyo juu yake. Ukuta wa namna hiyo ukibomolewa, kilicho juu huanguka pamoja nao.

Jumba la Chicago halikujengwa hivyo. Ndani yake mna mifupa ya chuma cha pua. Pande zake zote nne zimezungukwa na nguzo za chuma zilizokunjwa mfano wa herufi V, nazo zimesimama karibu karibu tangu chini hata juu. Nguzo hizo ndizo zichukuazo uzito wa orofa zote, na ndizo zishindanazo na upepo uvumao kutoka ziwani. Mawe yaonekanayo kwa nje hayabebi sakafu wala paa. Kila bamba la jiwe limeshikwa kwa vyuma vidogo, likatundikwa mahali pake kama picha itundikwavyo ukutani. Kazi yake ni kuukinga mwili wa jumba na mvua na jua, na kuupendeza. Basi ni vazi. Na vazi laweza kuvuliwa mwenye kulivaa akabaki mzima. Lisingekuwa hivyo, habari hii ingekuwa na mwisho mwingine.

Ramani ya jumba ilichorwa na Bwana Edward Durell Stone, aliyekuwa na jina kubwa katika nchi yake, naye alishirikiana na ofisi ya Perkins and Will. Bwana Stone alikuwa mpenda mawe meupe. Alitaka jumba lake liinuke kutoka ufukoni mwa ziwa bila madoido, nyeupe tupu, mistari yake ikipanda moja kwa moja hata mawinguni. Kwa ajili hiyo ikachaguliwa marumaru ya Carrara.

Carrara ni mji wa Italia, chini ya milima ya Apuane. Mtu aitazamaye milima hiyo kutoka mbali hudhani ina theluji hata wakati wa joto, kumbe weupe ule ni marumaru yenyewe na vifusi vya machimbo. Warumi wa kale walichimba huko. Nguzo ya Kaisari Trajano, iliyosimamishwa Roma mwaka 113 baada ya Kristo, ni ya marumaru ya milima hiyo, nayo yasimama hata leo. Mwaka 1501 Michelangelo, ambaye alikuwa bado kijana, alipewa pande moja kubwa la jiwe la Carrara, na mwaka 1504 akawa amelitoa ndani yake sanamu ya Daudi ambayo watu husafiri kutoka kila nchi kwenda kuitazama.

Hapa msomaji mwenye akili atauliza swali. Ikiwa jiwe hili limesimama Roma miaka 1,900, je, lingeshindwaje na miaka 20 ya Chicago?

Jibu la kwanza li katika unene. Nguzo ya Trajano ni mapande makubwa ya mviringo yaliyopandanishwa, na upana wa kila pande ni kama futi 12. Marumaru ya Chicago ilikatwa kwa misumeno ya mashine, ikafanywa mabamba yenye unene wa inchi 1 na robo hivi. Pima inchi hizo kwa rula, kisha utazame: ni nene kama mbao ya mlango imara, basi. Kila bamba lilikuwa na urefu wa futi 4 hivi na upana unaokaribia huo. Mabamba hayo yalikuwa yapata 43,000. Hapana jumba lingine refu kama hilo duniani lililokuwa limevikwa marumaru.

Tusiwahukumu wajenzi upesi. Walikuwa na sababu zao za kulikata jiwe jembamba, na sababu hizo si za kipumbavu. Kila ratli ya jiwe iliyotundikwa juu lazima ichukuliwe na chuma, na chuma kina gharama. Jiwe likipunguzwa unene, mzigo hupungua, na fedha zatoshea mambo mengine. Tena misumeno mipya iliweza kukata jiwe kwa wembamba ambao waashi wa kale hawakuuota. Lakini kuweza kulikata jambo si sawa na kujua litakavyokuwa baada ya kukatwa. Marumaru nene ilikuwa imejaribiwa kwa karne nyingi. Marumaru ya inchi 1 na robo, iliyotundikwa futi 1,000 juu ya nchi, penye baridi ya kugandisha maji na joto la kiangazi, ilikuwa jambo jipya, na jina lake la kale halikuweza kuisaidia.

Onyo la kwanza lilikuja hata kabla jumba halijamalizika. Siku ya Krismasi ya mwaka 1973, bamba moja lenye uzito wa ratli zipatazo 350 lilibanduka, likaanguka, likatoboa paa la jengo la jirani liitwalo Prudential. Ratli 350 ni uzito wa watu wazima wawili na zaidi. Na jiwe liangukalo kutoka futi 1,000, kama hewa isingalilizuia, lingefika chini katika muda wa sekunde 8 hivi, likiwa na mwendo wa maili 170 kwa saa. Mtu apitaye njiani hana nafasi hata ya kuinua uso. Safari hii lililotobolewa lilikuwa paa.

Miaka ikapita. Jumba lilikuwa likimetameta kando ya ziwa, watu wakilipiga picha, na maelfu ya makarani wakiingia asubuhi na kutoka jioni. Hata mwaka 1985 ukaguzi mkubwa ulipofanywa, ikaonekana kwamba mabamba mengi yalikuwa na nyufa, na mengi yalikuwa yamepinda. Jiwe lililotundikwa likiwa limenyoka kama kioo lilikuwa limejibetua, mengine yakiwa yamejitokeza nje kwa inchi moja na zaidi.

Neno hili lawashangaza wengi wakilisikia mara ya kwanza, maana kila mtu ajua kwamba jiwe huvunjika, lakini nani aliyeona jiwe likipinda? Basi na tuitazame sababu yake, kwani ndiyo sehemu ya habari hii iliyo na faida kuliko zote.

Ukikivunja kipande cha marumaru na kukitazama penye mwanga, utaona kinametameta kama sukari. Mimetameto ile ni punje ndogo ndogo za kitu kiitwacho kalsiti. Marumaru ilikuwa zamani jiwe la chokaa. Ikafunikwa chini sana ya ardhi, ikasongwa na kupashwa moto kwa muda usiohesabika, hata punje zake zikageuka na kushikana. Zimeshikana bila saruji yoyote katikati yake, punje kwa punje, kama mawe ya ukuta uliopangwa kwa ustadi bila chokaa.

Sasa, kila kitu kipatacho joto hutanuka. Lakini punje ya kalsiti ina tabia ya ajabu: ikipata joto hutanuka upande mmoja, na wakati uo huo hunywea kidogo upande mwingine. Na katika bamba la marumaru punje zimelala kila namna, hii imeelekea huku na hii imeelekea kule. Jua likichomoza, punje hii yasukuma kwa kichwa, na jirani yake yavutwa ubavuni. Jioni baridi ikiingia, zote zajaribu kurudi mahali pake, lakini hazirudi sawasawa. Mwanya mdogo usioonekana kwa macho umebaki katikati yake. Kesho yake hali ni ile ile, na kesho kutwa vivyo hivyo, na maji ya mvua yakiingia katika mianya huzidi kuzizuia punje zisirudi. Chicago ina majira ya baridi kali ambayo maji hugeuka barafu, na ina kiangazi chenye jua la kuunguza. Basi jiwe lile lilikuwa likivutwa na kusukumwa kila siku ya mwaka.

Katika pande nene, joto la mchana halifiki ndani. Ngozi ya juu huumia, na moyo wa jiwe hubaki mzima na kuishika. Katika bamba la inchi 1 na robo hamna moyo. Lote ni ngozi. Tena uso wa nje hupata jua na mvua zaidi kuliko uso wa ndani, kwa hiyo nyuso mbili hazilegei kwa kipimo kimoja. Kila mtoto ameona ubao mwembamba ulioachwa uwanjani, umelowa upande mmoja na kukauka upande wa pili: hujikunja. Bamba la marumaru nalo hujikunja kwa njia inayofanana na hiyo, ila kwa taratibu sana, na likiisha kujikunja haliwezi kunyoka tena.

Kupinda peke yake kungekuwa kasoro ya sura. Hatari ilikuwa kwamba jiwe lililopinda lilikuwa pia limelegea. Mainjinia walitoa mabamba ukutani, wakayapeleka kupimwa. Wakayavunja kwa mashine ili wajue nguvu iliyosalia. Wakachukua mengine wakayatia katika joto na baridi, joto na baridi, mara nyingi, pamoja na maji yenye asidi kidogo kama yalivyo maji ya mvua ya mji wenye moshi, ili waone katika muda mfupi mambo ambayo hali ya hewa ingeyafanya kwa miaka mingi. Ikajulikana kwamba marumaru ilikuwa imekwisha poteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na kwamba ingeendelea kuzipoteza.

Habari ya asidi mtu aweza kuijaribu mwenyewe shuleni. Twaa gamba la kombe, au kipande cha jiwe la chokaa, ukidondoshee siki. Utaona povu dogo na kusikia mlio wa kuchemka. Marumaru ni ya jamii moja na chokaa, na asidi huila vivyo hivyo.

Kwanza jumba lilifungwa bendeji. Mikanda ya chuma cha pua kisichopata kutu iliwekwa ili kuyashika mabamba yasianguke wakati watu wanashauriana. Mikanda ile haikuwa mizuri kutazama, na hakuna aliyedai kuwa ni mizuri. Kazi yake ilikuwa kuzuia mauti.

Kisha ikabidi kuamua. Je, wangebadilisha mabamba yaliyopinda sana tu, na kuyaacha mengine? Njia hiyo ilikuwa na gharama ndogo mwaka ule. Lakini mabamba yaliyonyoka bado yalikuwa ndugu wa yaliyopinda, yametoka mlima mmoja, yamekatwa kwa unene mmoja, na yamepata jua lile lile; kilichowatofautisha kilikuwa wakati. Je, wangeiacha mikanda ikae daima? Mkanda hulishika bamba zima. Bamba likipasuka vipande viwili au vitatu, kipande kisichoguswa na mkanda huanguka. Je, wangeweka tena marumaru mpya? Hapo wangalinunua ugonjwa ule ule kwa fedha mpya.

Wenye jumba wakakata shauri kuivua marumaru yote, mabamba yote 43,000, mazima kwa mabovu. Gharama yake yakisiwa kuwa zaidi ya dola milioni 80. Mtu atakayesema kwamba hizo ni fedha nyingi mno kwa kubadili sura ya nyumba na akumbuke kwamba chini ya jumba lile pana njia za watu.

Jiwe lililochaguliwa mahali pa marumaru lilikuwa matale, ambayo wengine huyaita graniti, kutoka Mount Airy katika jimbo la North Carolina. Huko pana chimbo la wazi ambalo husemwa kuwa ndilo kubwa kupita machimbo yote ya matale ya namna yake duniani, na jiwe lake ni jeupe lenye madoa madogo ya kijivu. Matale hayafanani na marumaru kwa asili yake. Hayo ni mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi ukapoa polepole, na punje zake si za namna moja: zimo zilizo ngumu kuliko chuma, na zimesukana na kuingiana hata ni vigumu kuzitenga. Miamba mikubwa isimamayo ndani ya maji huko Mwanza, kando ya ziwa Victoria, ni matale. Mawimbi, mvua na jua vimeipiga zaidi ya umri wa mji wowote. Matale nayo hutanuka kwa joto, kwa kuwa hapana jiwe lisilotanuka, lakini hayalegei upesi kama marumaru, na asidi ya mvua haiyatoi povu.

Wala hawakuyakata membamba kama yale ya kwanza. Unene wa mabamba mapya ni inchi 2. Tofauti ni robo tatu za inchi, upana wa kidole. Lakini tofauti hiyo ikizidishwa kwa mabamba 43,000 ni mzigo mkubwa sana ulioongezwa juu ya mifupa ya jumba. Basi kabla jiwe moja halijapandishwa ilipasa kupigwa hesabu ya nguzo na misingi, ijulikane kama yaweza kuuchukua uzito huo pamoja na nguvu ya upepo. Ikaonekana kwamba yaweza.

Kazi ilianza mwaka 1990 ikaisha mwaka 1992. Wanafunzi wapendao hesabu na waifikirie. Tuseme ilichukua miaka miwili kamili, na siku za kazi zilikuwa 300 kila mwaka. Gawanya 43,000 kwa 600: utapata mabamba 71 na zaidi kila siku. Na bamba moja ni kazi mbili, kwanza kulishusha la zamani, kisha kulipandisha jipya na kulifunga. Hivyo ni safari zaidi ya 140 kwa siku, kila safari na mzigo wa mamia ya ratli, juu ya njia za mji, katika upepo wa ziwani. Jina la mwenye kuchora jumba limeandikwa vitabuni. Majina ya waashi waliosimama juu ya majukwaa yale huyapati, ingawa wao ndio walioiondoa hatari kwa mikono yao.

Wako wazee wa Chicago wanaosema kwamba jumba la kwanza lilikuwa zuri zaidi, kwa maana matale hayang'ai kama marumaru, na siku ya mawingu huonekana ya kijivu. Yamkini wasema kweli. Weupe wa Carrara hauna mfano. Lakini uzuri unaoweza kumwua mpita njia umepita kiasi cha bei yake.

Chicago haikuwa peke yake katika jambo hili. Katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, lilijengwa mwaka 1975 jumba la orofa 72 liitwalo First Canadian Place, nalo likavikwa mabamba 45,000 ya marumaru ya Carrara. Mwaka 2007 bamba moja likaanguka kutoka juu, na njia za karibu zikafungwa. Wenye jumba hilo hawakutafuta jiwe lingine. Kuanzia mwaka 2009 hata mwaka 2012 wakaiondoa marumaru yote na kuweka mabamba ya kioo cheupe.

Na huko Helsinki, mji mkuu wa Finland, mambo yalikwenda kwa namna nyingine kabisa. Huko kuna jumba la muziki na mikutano liitwalo Finlandia, lililochorwa na Alvar Aalto na kufunguliwa mwaka 1971. Halikuwa refu, lakini lilivikwa marumaru ya Carrara, na baridi ya Finland haina huruma. Mabamba yakapinda. Wafini humheshimu sana Aalto, na jumba lile ni kama urithi wa taifa zima. Kwa hiyo walipoyaondoa mabamba mabovu, kazi iliyoisha mwaka 1999, waliweka marumaru ya Carrara tena, ili wazo la Aalto lisiharibiwe. Haikupita miaka mingi, mabamba mapya nayo yakaanza kupinda. Hata mwaka 2022 jumba likafungwa kwa matengenezo makubwa, na safari hii wakaleta marumaru nyeupe ya namna nyingine, kutoka Lasa katika milima ya kaskazini ya Italia. Watu wakaingia tena mwaka 2025. Twaweza kuwalaumu kwa kununua mara ya pili kitu kilichokwisha wavunja moyo. Lakini twaweza pia kuwaelewa, kwa maana kulinda kazi ya mtu aliyekufa si neno rahisi: ukibadili jiwe umeibadili kazi yake, na usipolibadili kazi yenyewe yaanguka. Wenye jumba la Chicago walikuwa na kampuni ya mafuta, na swali lao lilikuwa jepesi zaidi.

Imebaki habari ya marumaru iliyoshushwa. Mlima mzima wa jiwe la thamani hauwezi kutupwa jalalani, wala haukuweza kuuzwa kwa wajenzi wengine, kwa kuwa ubovu wake ulikuwa umekwisha julikana. Theluthi mbili zake zilisagwa zikawa kokoto, zikatandazwa kupamba viwanja vya kiwanda cha kusafishia mafuta cha kampuni ile huko Whiting, katika jimbo la Indiana. Sehemu moja katika sita ilipewa chuo kikuu cha Governors State, kusini mwa Chicago. Na sehemu moja katika sita iliyosalia ilipewa karakana ambamo watu 25 wenye ulemavu waliajiriwa kuikata na kuichonga. Wakatengeneza saa za mezani, na vishikizo vya kalamu, na vitu vingine vidogo vya ukumbusho. Mabamba yaliyokuwa yamelegea mno kukaa futi 1,000 juu ya njia ya watu yalikuwa na nguvu tele za kushika kalamu juu ya meza ya karani.